Hatua za Kukunja Shuka

Mercy dadangu,

Mko salama huko nyumbani? Jua la Doha limenichosha, lakini chumba cha kufulia hapa hotelini kina feni na redio. Mwenzangu Mfilipino ameleta CD ya mwimbaji wa Kijapani, albamu nzima ya dansi. Hatuelewi hata neno.

Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili: mnasogeleana, mnashikanisha pembe, mnarudi nyuma. Jana nikashtukia tunakunja kwa mdundo, na miguu yangu inapiga zile hatua za kwaya zilizonishinda mpaka ukanihamishia mstari wa nyuma. Sikukosea hata moja. Nilicheka, mara ya kwanza tangu nije huku.

Msalimie Mama. Nikirudi, nipange mbele, karibu nawe.

Kakako, Kevo