Koki Niliyoiacha Wazi

Mama yangu mpendwa,

Mguu wako umepona? Na Papa, bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Ninaandika kwenye korido, nje ya ofisi ya profesa wangu. Nimeshakaa na kusimama mara sita.

Uliniuliza kwenye simu ninasoma nini hasa huku Ubelgiji. Ni kipande cha metali, kidogo kuliko punje ya mtama. Ndani yake elektroni zinabanana na kusukumana hata huwezi kuifuata moja peke yake. Kumbuka siku tulipokimbia kutoka Mugunga: ukimuuliza mtu anaenda wapi, hajui, lakini umati wote unakwenda. Ndivyo zilivyo. Ukiipoza sana metali hiyo, ghafla zote zinakwenda pamoja, umeme unapita bila kizuizi hata kidogo. Hakuna anayejua vizuri kwa nini. Mama, jambo hilo linanipa furaha hata nasahau kula.

Kuipoza tunatumia gesi ya heli iliyogeuzwa kuwa majimaji. Jumatatu nilikuwa peke yangu ninaijaza kwenye mashine, mkono kwenye koki, sakafu ikatetemeka. Sikufikiri. Nilisikia sauti yako kabisa, kama wakati wa matetemeko ya ardhi kule nyumbani: "Udongo ikitikisika, mulango kwanza! Ikikwama tutafia humu!" Nikaruka, nikafungua mlango, nikajikuta uani na koti la kazi. Kumbe wanabomoa jengo la jirani! Wenzangu walikuwa chumba cha pili wanakunywa kahawa, hata kikombe hawakuweka chini. Niliporudi, heli yote imeshapotelea hewani na kipande kimepasuka. Kazi ya miezi minne.

Kisha nikakosea zaidi: nilinyamaza. Profesa akasema ni Henri, fundi wetu, muzee anayeniletea supu ya mke wake, kwamba hakukaza koki. Henri akajibu, "Labda ni kweli, nimezeeka." Sasa wanataka kumwachisha kazi. Siku tatu hizi supu yake naiacha ipoe mezani. Nimechoka kuwa mwoga. Profesa akimaliza simu yake, naingia kusema.

Nisalimie Papa, dada Furaha anayeuza maharage sokoni, na baba mdogo wa Rutshuru anayeniita daktari mbele za watu. Mwambie apunguze kidogo.

Wakinirudisha bila shahada, msije kunipokea mpakani na nyimbo. Njooni tu.

Mwanao,
Kambale