Sitaliziba Tundu la Bafuni

Manyoni, nyumba ya wageni

Mwanangu Naomi,

Kwanza mpe bibi yako shikamoo yangu, umpe kwa kuinama, usimpigie tu kelele kutoka jikoni. Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa sabuni ya mashuka. Nyie huko Iguguno mmeamkaje? Kifua cha mdogo wako kimepoa? Uwele mmeshaupura? Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kile kisomo cha watu wazima kimenifaa.

Nataka habari hii uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu wa lori. Nimegombana na msimamizi wetu, na huenda nikafukuzwa.

Hapa bafuni kuna sanduku jeupe la bati limetundikwa ukutani, linachemsha maji kwa gesi ya mtungi. Ukifungulia maji, moto unawaka humo ndani. Juu ya ukuta palikuwa na tundu la hewa. Sasa upepo wa kipupwe unaujua, ukawa unaingia pale unauzima moto, wageni wakanung'unika. Msimamizi akachukua gunia la mtama akaliziba lile tundu. Na bomba la moshi wa sanduku linaishia humo humo bafuni, halikufikishwa nje.

Jumamosi asubuhi mgeni mmoja, mwalimu wa kike, akaingia kuoga. Mimi nafagia baraza. Nasikia maji yanamwagika tu, mtu hakohoi, hasogezi hata ndoo. Nikagonga, kimya. Nikausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Amelala sakafuni. Nikamburuta hadi uani, nikamfunika khanga yangu. Alikaa vile mpaka nikaanza kulia. Halafu akafungua macho, akatapika, akasema kichwa kinampasuka.

Msimamizi akasema, "Mimba hiyo." Mpishi akasema njaa. Nikawaambia ni hewa. Babu yako alichimba dhahabu Sekenke, na kule hakuna aliyeshuka shimoni kabla ya kuteremsha taa kwa kamba. Taa ikififia, hashuki mtu. Alitufundisha kwamba moto na binadamu wanakula hewa moja, na hewa iliyoharibika haina harufu, inakulaza kama usingizi.

Nikalitoa gunia. Jioni msimamizi akalirudisha. Nikalitoa tena, nikalikata, nikalitandika mlangoni la kufutia miguu. Akalifutia miguu yeye mwenyewe kabla hajalitambua.

Akaniita mbele ya wenzangu. "Mama Naomi, wewe ni fundi wa gesi au mfua mashuka?"

"Mfua mashuka, ndugu msimamizi. Na shuka la maiti sitaki kulifua."

"Tangu lini watu wa Iguguno mkajua gesi?"

"Gesi siijui. Hewa naijua."

Mpishi akacheka, akajifanya anakohoa.

Nilimwita fundi wa mabomba aangalie. Akasema sanduku lile halifai kukaa bafuni kabisa. Litundikwe ukuta wa nje, lijengewe kipaa cha kulikinga upepo, maji yaingie kwa bomba, na moshi wake usielekezwe dirishani. Msimamizi akamjibu kwamba ukuta wake hautoboki. Basi mimi nachemsha maji kwa kuni uani, nawapelekea wageni kwa ndoo. Mgongo unauma, lakini wanatoka bafuni kwa miguu yao.

Alhamisi kuna kikao. Anataka niombe radhi mbele ya wote, kisha nizibe tundu kwa mkono wangu. Siombi, na sizibi. Usiku nawawaza nyie mtakula nini nikikosa kazi hii, lakini nikikumbuka yule mwalimu alivyolala sakafuni nakuta jibu langu ni lile lile.

Na wewe, bibi akisikia baridi, msilale na jiko la mkaa ndani. Likae nje, hata kama makaa yamebaki kidogo. Atakufokea. Mwache afoke akiwa hai.

Nisalimie mjomba wako wa mizinga ya nyuki, na jirani yetu mkunga. Nisalimie sana shangazi yako aliyejifungua, umwambie wasimfungie na moto chumbani, dirisha liwe wazi, mtoto afunikwe vizuri tu.

Ukiniona nashuka kwenye lori na mzigo wangu kichwani, usiwaambie watu mama amekuja likizo. Waambie amefukuzwa, na uwaambie kwa nini.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza kila siku,
Mama Naomi