Moshi Niliouvuta

Magwagwa,
14 Agosti 1995

Ndugu yangu Abner,

Salamu nyingi zikufikie huko Marani. Natumaini u mzima, na Persis na watoto ni wazima pia. Mimi nipo. Hujaniuliza habari za kifua, lakini nitakuambia: nikitoka kitandani hadi jikoni, lazima niketi kwanza ndipo niinjike chai.

Shemasi uliyemtuma alifika. Alisema Sabato ijayo nije mbele ya kanisa, nipige magoti, niungame kwamba navuta sigara kwa siri, la sivyo nitaondolewa ushirika. Aliona haya, maskini, hata chai hakumaliza. Nilipomuuliza habari hiyo imetoka wapi, alisema imetoka kwako, mzee wa kanisa, ndugu yangu wa tumbo moja.

Ni kweli tulikwenda pamoja kwa daktari pale Kisii, na ni kweli alisema mapafu kama haya huyaona kwa wazee waliovuta sana sigara. Ulisikia hapo tu, ukachukua kofia yako ukatoka. Ungevumilia kidogo, ungemsikia akiniuliza nimepikia kuni tangu lini. Nilimwambia tangu mama alipotuacha, nilipoachishwa shule ili wewe ule na uende darasani. Halafu kila mikutano ya makambi ni mimi kwenye sufuria za wageni, katika lile jiko la kanisa lisilo na dirisha, ninyi mkiimba kule mbele. Moshi nimeuvuta, Abner. Ulikuwa wa ugali wako.

Na hayo magoti. Nikiinama, pumzi inakatika. Ndiyo maana mimi huketi watu wakiomba, wala si kiburi kama ulivyotangaza kwenye kipaza sauti. Yule mama Geeta, Mhindi wa duka la vitambaa mjini, ana kifua kama changu. Zamani alisali huku udi ukifuka chumba kizima. Sasa wanawe wameacha kuwasha udi, wanaweka maua, na mwanawe Ronak humsogezea kiti. Hakuna aliyemuuliza amekosa nini. Nilimwonea wivu, mimi niliyebatizwa kabla yako.

Unataka ungamo, basi chukua. Sabato iliyopita nilibaki nyumbani. Nilipiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mwaka mzima, na sikuomba kupona. Nilimwomba Mungu akupe wewe kifua hiki, Sabato moja tu, usimame mbele ya watu ukitafuta pumzi ya kusema amina. Nilitaja jina lako na la baba ili asikosee mtu. Kisha nilishindwa kuinuka mpaka jirani aliponikuta.

Tangu siku hiyo siwezi kuomba kitu kingine. Nikianza tu, maneno hayo yanatangulia. Maombi ndiyo niliyobaki nayo, Abner, na umeyaharibu. Ushirika wenu ni kitu kidogo ukilinganisha na hayo, na nimekukasirikia mpaka naogopa.

Kwa hiyo Sabato hiyo nitakuja. Sigara sitaiungama. Nitaungama ombi hilo, neno kwa neno, mbele ya kanisa zima, na wewe ukiwa umesimama hapo. Nitaungama nikiwa nimeketi.

Nisalimie Persis na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Drusilla