Jembe la Mama Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 9 Septemba
Jembe limepiga jiwe mara ya kumi na nne. Ndani ya kompyuta, lakini. Mchoro wa mkazo wa shingo yake bado ni miiba mitupu, unapanda unashuka kama mtu mwenye homa. Sisomi kitu.

Kidonda cha Mama mguuni kinafunga. Mjomba Venant hajawasha moto wa uhunzi tangu jembe alilofua yeye likatike shingo na kipande kimrukie Mama, dada yake. Anasema hafui tena. Mvua i karibu, na nusu ya kijiji chetu cha Mbuba inalima kwa majembe yake. Nami, kwa kuwa nafundisha ufundi chuoni, nilimwahidi mjomba kumwambia kwa nini lilikatika. Domo langu!

Jumanne, 10 Septemba
Nimefupisha hatua za muda ambazo kompyuta inahesabia. Miiba ileile. Nimeiambia kompyuta ipoze mtetemo wa jembe, miiba ikapungua. Nikazidisha, mstari ukanyooka kabisa. Raha ya nusu saa. Kisha nikaona mkazo wenyewe umeshuka mno. Jembe hilo lisingevunjika hata ukilimia mwamba. Nimefuta yote. Kidogo tu nimpelekee mjomba uongo uliopigwa pasi.

Alhamisi, 12 Septemba
Jembe kwenye kompyuta ni vipande vingi vilivyounganishwa. Leo nimevifanya vidogo zaidi, nikapiga jiwe upya. Kelele za hesabu, yaani makosa ya kompyuta yenyewe, hubadilika vipande vikibadilika. Mtetemo wa jembe lenyewe hubaki. Miiba mingi ikasogea, ikafifia. Jiwe nalo nilikuwa nimelifanya gumu kuliko jiwe lolote la Ngara. Nimelilegeza, mingine ikaondoka.

Ila kundi moja la miiba haling'oki. Mahali palepale, kila mara. Basi si la kompyuta. La nani, sasa? Nimesahau kula. Mama amenuna.

Ijumaa, 13 Septemba
Mjomba kapita kumjulia hali Mama. Shikamoo yangu kaiitikia akitazama chini. Hakuuliza jibu. Afadhali angeuliza.

Alipoondoka nikalichukua jembe la pili la Mama, pacha wa lile. Kati ya mkia wa chuma na tundu la mpini kuna mwanya, ukucha unaingia. Hivyo ndivyo nilivyolichora tangu mwanzo. Mama akaniona, akacheka.

"Umelipima kavu? Nani analima na jembe kavu? Linalala kwenye maji kwanza, mti uvimbe, ushike."

Nimekulia nyumba hii. Nimeloweka majembe hayo utoto wangu wote. Chuo kimenisahaulisha ndoo.

Nilikuwa bado najicheka nilipoona Mama ameacha kucheka. Amekaa akitazama bandeji yake.

Jumamosi, 14 Septemba
Nimeziba mwanya. Kundi lile limetoweka. Ni mkia uliokuwa ukigongagonga ndani ya mpini. Kwa jembe lililoloweshwa, shingo inahimili, ingawa kwa shida. Kwa jembe kavu, haihimili. Nilikuwa nikihangaika kuifuta miiba ambayo ndiyo iliyovunja jembe.

Nikajaribu jambo moja zaidi: pale shingo inapokutana na bapa palikuwa na kona kali, nikaifanya ya mviringo. Hata likiwa kavu, shingo imesimama. Nimepiga makofi peke yangu, mbuzi wakanishangaa.

Nikamweleza Mama. Akasema polepole kwamba siku ile hakuliloweka. Alikuwa akiwahi kupanda maharage bondeni. Na muda wote kaka yake anajilaumu, yeye hakulikumbuka hilo, au hakutaka kulikumbuka, hajui. Nilimkasirikia. Kisha akaniomba ile kona niichore kwenye karatasi, hasira ikaniisha.

Jumapili, 15 Septemba
Baada ya misa Mama kakataa kusindikizwa. Kaenda kwa mjomba mwenyewe, akichechemea, na karatasi yangu yenye mchoro wa kona. Walikaa muda mrefu. Akarudi macho mekundu. Akapika.

Jumatatu, 16 Septemba
Asubuhi nimesikia nyundo kutoka kwa mjomba. Kompyuta sijaiwasha.

Jioni Mama kaja na jembe jipya. Kona yake ya mviringo. Nimeipitishia kidole mara mbili. Kaweka ndoo mlangoni, akaijaza maji mwenyewe, akalitumbukiza kichwa chini.