Mshairi Aliyemgombeza Marehemu

Jumapili, Oktoba 1998. Mvua tangu alfajiri, nguo hazikauki, lakini moyo wangu ni mweupe.

Mwezi mzima sasa naishi na mama mmoja wa Kimarekani aliyekwisha kufa. Ni mshairi, na chuoni nimepewa niandike insha juu yake. Aliandika miaka ya hamsini, katika mji mdogo wenye theluji. Mchana alikuwa karani wa posta, jioni aliandika kwenye meza ya jikoni. Hakuwa na makuu.

Mumewe alipofariki ghafla, aliacha kuandika kwa muda mrefu. Kisha akatoa kijitabu chembamba, na humo hamna hata shairi moja la kumlilia. Anamgombeza tu. Anamuuliza kwa nini amekufa na paa linavuja, na kwa nini hakumfundisha kuwasha lile jiko la makaa. Wahakiki walimsema sana, wakamwona hana staha.

Hata mimi nilimwona hana adabu. Kwetu marehemu hasemwi vibaya.

Naishi hapa ugenini, mtaa wa Overport, na dada yangu Zuhura, anayeuza mitumba katika soko la Warwick. Mumewe, shemeji Rashidi, alitutoka kabla ya Ramadhani iliyopita. Dada akakaa eda, akatoka eda, akarudi sokoni. Anauza, anapika, anaswali. Ila jina la mumewe halikuwahi kutoka kinywani mwake tangu tumzike. Sote tulimwambia asubiri, asije akakufuru, kazi ya Mungu haina makosa. Akatutii kupita kiasi. Nakiri nilikuwa naogopa. Nilikula naye kila siku na bado nilimkosa.

Leo mchana, tukichambua mchele, akaniuliza huyo Mmarekani anasema nini hata namsoma nimekunja uso. Nikasita. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikilainisha hapa na pale, lakini ugomvi wa paa haulainishiki, ndio shairi lenyewe. Nikangoja nisikie astaghfirullahi.

Akacheka.

Akaweka ungo chini, akasema taratibu, "Na huyu wangu je? Friji inavuja maji tangu Idi ya mwaka jana. Kila nikimwambia, kesho, Zuhura, kesho. Haya, Rashidi, kesho yako iko wapi?"

Yeye ndiyo kwanza anaanza. Akamdai shati jipya aliloligawa kwa rafiki bila kuuliza. Akamdai safari ya Tanga kumwona mama, ile aliyoiahidi kila mwaka. Akamuuliza nani alimpa ruhusa ya kuficha maumivu ya kifua ili eti asimtie mkewe wasiwasi. Hapo sauti ilipanda, machozi yakamtoka, na bado alikuwa anacheka katikati yake. Mimi nililia tu. Kumbe tulimziba mdomo kwa maneno yetu mazuri.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Espérance, jirani yetu Mkongomani anayesuka nywele saluni. Amesikia kelele, akadhani tumevamiwa.

"Iko nani unagombana naye?"

"Mume wangu," dada akajibu.

Mama Espérance akatazama jikoni, akanitazama mimi, akaelewa. Yeye pia ni mjane, wake alimwacha kaburini Bukavu. Akavuta kiti akakaa.

"Basi maliza kwanza," akasema. "Miye nitangojea. Wangu naye iko na kesi."

Wali tumeula jioni, umeungua chini, na hakuna aliyejali. Insha yangu haijapata hata aya moja. Nitaiandika, na sitamwita tena yule mama wa posta asiye na adabu. Namshukuru kama ndugu wa damu.

Wakati naandika haya dada yuko chumbani anakunja nguo, anaongea peke yake. Nimemsikia akisema "Rashidi" tena, safari hii bila hasira.

Alhamdulillahi. Dada yangu amerudi.