Msimjibie Redio

Kwako Kaka yangu Redio,

Nakusalimu kwa heshima zote na kwa mapenzi ya mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani, chai umeshakunywa na hujagombana na mtu. Mguu unaendeleaje? Yale mazoezi ya kupanda na kushuka kizingiti cha mlango bado unayafanya, au unangoja mpaka nije nikusimamie? Presha ya Mama imetulia? Na wifi yangu, kile kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, nashukuru, ila goti linanisumbua asubuhi, na miwani imelegea kiasi kwamba nasoma nimeinua kidevu kama mtu anayewadharau wenzake.

Wifi, najua ni wewe unayemsomea. Kwanza nakuomba uangalie kama Mama amelala. Kama hajalala, ikunje uiweke mpaka alale. Si kwa ubaya, mbele utaelewa. Ukianza, soma polepole, na ukifika mahali unapotamani kumfafanulia Kaka, usimfafanulie. Soma tu, kisha mwache. Akitaka urudie atakuonyesha mwenyewe.

Kaka, habari za chuo ni nyingi. Chumba nilichopanga kina kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi niliyoiwekea kipande cha boksi, na dirisha linalotazama nyuma ya kiwanda cha mikate. Kila asubuhi naamka na harufu ya mkate, niwe na hamu au nisiwe nayo. Wenzangu darasani ni wa umri wa wanao. Wananiita Mama, wananiachia kiti cha mbele kwa sababu ya macho, na wakishindwa kuelewa somo wananisukuma mimi niulize, eti mtu mzima hachekwi. Mimi nauliza. Aibu niliimaliza siku ya kwanza, pale kwenye duka la kutolea nakala. Kijana wa mashine aliniuliza mwanangu anasoma nini hapa. Nikamwambia anasoma tiba ya usemi, ni mzito kidogo ila anajitahidi. Akanipa pole. Mpaka leo nikipita huniuliza mtoto anaendeleaje, nami humjibu kwamba anajikongoja.

Lakini usidhani nacheka muda wote. Unakumbuka nilivyokiacha chuo ujanani, Baba alipofariki, nikaenda kupokea simu hospitalini. Tuliambiana ni kwa muda mfupi tu. Muda huo ukala ujana wangu wote. Kurudi kwenye dawati ukiwa na mvi ni kazi. Ninachokisoma jioni, asubuhi sikioni. Katika mtihani wa kwanza vidole vilikakamaa nusu ya swali la pili, nikawa naviminya chini ya meza huku wenzangu wanaomba karatasi za kuongezea. Nilifaulu kwa kupenya kwenye tundu la sindano. Nilipoona matokeo nilikaa pembeni nikamlilia Baba, ambaye hata hakuwahi kujua kwamba niliacha.

Kilichonirudisha unakijua. Kiharusi kilipokupiga, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote, sikuweza kuzoea. Wewe, Kaka, uliyekuwa ukinadi makabati na mafriji mpaka mtu aliyekuja kumsindikiza jirani anarudi nyumbani na kabati. Wewe uliyebatizwa Redio kwa sababu hukuwa na swichi ya kuzimia. Nakumbuka wiki ya kwanza hospitalini tulikuinamia wote tukingoja neno, na neno lililotoka likiwa zima, safi, bila kukwama, ni lile tusi lako la mnadani ulilowatolea wateja wanaoshika vitu bila kununua. Mama alisema shetani amekubakizia la kwake. Tulicheka mpaka muuguzi akatufukuza. Kumbe hilo ndilo limebaki mpaka leo, hilo na kuguna.

Siku naondoka kuja huku ulishika mkanda wa begi langu kwa mkono wa kushoto, hukutaka kuuachia. Nilikuambia nakwenda kujifunza, na nikirudi utanadi tena. Nilisema mbele ya Mama na wifi, kwa sauti, kama mtu anayelipia kabisa. Ukauachia mkanda.

Sasa nikueleze jambo lililotokea darasani, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Muhula huu kila mwanafunzi alitakiwa kumchukua video mtu aliyepoteza usemi, akiwa nyumbani kwake na watu wake, kisha aionyeshe darasani na kueleza ugonjwa umemnyang'anya nini. Ndiyo ile niliyochukua likizo, siku tulipokula pamoja mezani, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Niliipenda sana ile video. Nilijua watakupenda. Nilijiandaa wiki nzima, nikavaa lile gauni la bluu, nikasimama mbele kama daktari kamili.

Mwalimu wetu ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, na hana makuu. Aliiacha ikacheza hadi mwisho. Darasa lilicheka pale wifi alipouliza kama uongezewe, Mama akajibu umeshiba, nami nikasema hujashiba, wewe unapenda ukoko. Walicheka pia tulipobishana kuhusu jina la yule fundi aliyekutengenezea nyundo ya mnada, wote watatu tukilitafuta kwa niaba yako. Nilikuwa natabasamu. Nilipomaliza maelezo yangu, Mwalimu alinishukuru, kisha akaomba tuiangalie tena. Safari hii alizima sauti, akasema tusimtazame mtu mwingine yeyote, tumtazame tu yule bwana aliyekaa kwenye kiti.

Nikakutazama, Kaka.

Niliona kifua chako kikivuta pumzi na kidevu kikiinuka. Niliona kifundo cha kidole chako kikigonga meza, vile ulivyokuwa ukigonga kwa nyundo kabla ya kufungua mnada ili watu wanyamaze. Ulikuwa unaomba nafasi. Kisha midomo ya Mama ikacheza, nawe kidevu kikashuka. Ukavuta pumzi tena, ukagonga tena, ikacheza midomo ya wifi. Mara ya tatu ilikuwa yangu. Sikuwa nimeona hata mara moja ukigonga, na nilikuwa nimekaa pembeni yako, kijiko chako mkononi mwangu. Tulipofika kwenye jina la fundi, uligonga mpaka sahani ikasogea. Mama aliirudisha mahali pake bila kukutazama.

Mimi nilijua kwamba kuna kipande cha mwanzo ambacho hakijawaingia, na nikaomba moyoni kisiwaingie.

Unajua kazi yangu ilivyokuwa. Kwenye swichibodi, kimya maana yake laini imekatika. Mtu akinyamaza unasema haloo, akinyamaza tena unamkata na kumpokea mwingine, maana wako wengi wanangoja. Mtu akiwa na kigugumizi cha hofu unammalizia: unataka wodi ya wazazi, subiri nakuunganisha. Nilisifiwa kwa hilo. Hata wewe ulinipa jina kwa hilo. Huku wananifundisha kwamba mtu aliyepigwa na kiharusi neno lake liko mbali, linakuja kwa miguu, na kila unapomsemea linageuka na kurudi lilikotoka. Nilikuwa nimelikariri hilo nikalijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini nyumbani kwetu niliendelea kukata laini.

Kaka, nisamehe, nilikuwa nazunguka. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Sheria ya chuo ni kwamba mgonjwa haonyeshwi darasani mpaka yeye mwenyewe aridhie, na swali hilo lazima aulizwe. Mwanzo wa video ile nakuuliza kama nikuchukue niende nayo chuoni. Mama akajibu papo hapo kwamba umekubali, utakataaje na mimi ni mdogo wako. Wifi akasema bora na yeye aonekane, awe maarufu. Tukacheka, nikaendelea. Jioni nikaandika kwenye karatasi ya chuo kwamba umeelezwa, umeelewa, umekubali. Niliandika bila kusita, kwa sababu niliamini.

Sauti ilipozimwa niliona kilichotokea wakati sisi tunacheka. Uliitazama simu. Ukanitazama mimi, nami nilikuwa namtazama Mama. Ukainua mkono wa kushoto, kiganja wazi, ukausukuma kuelekea kwenye simu, mara moja na mara ya pili. Kisha ukageuza uso dirishani, na hukuurudisha mpaka chakula kilipoletwa. Ulikataa, Kaka. Ulikataa wazi, mbele ya watu watatu wanaokupenda, tukakuchukua hivyo hivyo. Nami nikakupeleka kwa wageni wakakutazama ukilishwa.

Mwalimu aliisimamisha. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo na gauni langu la bluu, nikalia bila kujificha, wanafunzi wakinipita kwa adabu.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwake nikamwambia kwamba nilichoandika kwenye karatasi si kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipokwama alinisubiri. Akasema kazi yangu itawekwa kando mpaka mwenye uso atoe kauli yake, na kauli ya mama, mke au dada haitapokelewa. Ukiridhia, kazi itasahihishwa. Ukikataa, video itafutwa, nami nitarudia mwaka. Kwa umri wangu na goti hili, mwaka ni kitu kikubwa, sikufichi. Naogopa. Lakini naogopa zaidi ukikubali kwa ajili ya kunihurumia, kwa hiyo tafadhali usinihurumie.

Na kuna hili, ambalo nimelijua tangu muhula wa kwanza nikawa nakutumia salamu za matumaini tu. Ile sauti ya mnadani haitarudi, Kaka. Nilikuahidi kitu ambacho si changu kutoa. Yanayoweza kurudi ni maneno machache, moja moja, na yanarudi pale tu yanapokuta watu wamenyamaza. Nimelia kwa ajili yako mpaka nimechoka. Wewe nawe ukitaka kulia, wifi asikubembeleze, akuache ulie.

Wifi, sasa ni zamu yako. Jumapili baada ya chakula cha mchana nitapiga simu. Mtoe Mama nje, mwambie lolote, mpeleke akaone mboga za jirani. Sogeza kiti cha Kaka mpaka mezani, mwekee simu mbele yake ikiwa kwenye spika ili mkono wa kushoto ubaki huru, kisha na wewe utoke na ufunge mlango. Usisikilize dirishani, nakujua.

Kaka, nitakuuliza mara moja tu: je, unaridhia wale watu wakutazame? Kisha nitanyamaza. Ukivuta pumzi nitaisikia. Ukiridhia, gonga meza kama ulivyokuwa ukigonga kufunga mnada. Usiporidhia, una lile tusi lako, limebaki zima. Nitukane. Nitukane kwa nguvu, kwa jinsi nilivyokufanyia, na nitajua kwamba umesema mwenyewe. Na kama yote mawili yatachelewa kuja, yachelewe. Mimi nitakuwa upande wa pili, na sitasema haloo.

Msalimie Mama, mwambie nampenda na nitamweleza nikija, taratibu, maana na yeye alikusemea kwa uchungu wa mzazi. Wasalimie watoto, waambie shangazi yao bado hajafukuzwa shule. Wifi, nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa bila kuongeza neno, kama kweli hukuongeza. Mbaki salama mpaka Jumapili.

Ni mimi mdogo wako,

Haloo