Nirudishie Shikamoo Zangu

Dada yangu,

Shikamoo. Naiandika tena ili uione vizuri: shikamoo, dada. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, wapwa zangu hawajambo, na lile goti lako limetulia. Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nalala, na bati la duka langu halivuji tena. Kinachonikosesha raha ni kimoja tu: mwezi mzima sasa hupokei simu zangu.

Najua kilichokuudhi. Ulikuwa unanieleza habari za bomba la uani kuziba, nami nikakuitikia kwa sauti nzito kwamba naam, endelea, mwanangu, nakusikiliza. Mwanangu! Wewe uliyenibeba mgongoni ukanifuta kamasi kwa pindo la gauni lako! Ukauliza eti unaongea na nani. Badala ya kucheka nikakohoa kidogo kama mwenyekiti wa kikao, nawe ukakata simu. Ulifanya vizuri. Ila swali lako limenikaa kichwani, maana hata mimi natamani kujua ulikuwa unaongea na nani. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu yule bwana wa sauti nzito angedakia tena.

Unazijua mvi zetu za upande wa baba, zilivyonivamia kabla hata ndevu hazijakolea. Miaka yote hiyo nilikuwa nazipaka rangi nyeusi, wewe ukinicheka. Nilipohamia huku kufungua duka la kuchonga funguo, chupa ya rangi ilipasukia ndani ya begi na kuniharibia mashati mawili. Nikasema nitanunua nyingine nikishapanga vitu. Asubuhi moja, kabla sijainunua, nilikuwa nimeinama nafungua kufuli la duka, akapita jirani yangu mpiga picha, yule mwanamke mwenye studio ya picha za pasipoti ukuta kwa ukuta na mimi. Akaniamkia shikamoo, nami nikaitikia marahaba. Sikufikiri, dada. Mtu akirushiwa mpira anaudaka.

Alipokwisha pita ndipo nikaona kwamba yule ni mtu mzima kabisa, na huenda hata kanizidi. Sasa niambie, marahaba unairudishaje? Ukimkimbilia umwambie wewe si mzee, umemwambia kwamba haoni vizuri, na hapo hapo umekiri kupokea kisicho chako. Nikasema nitarekebisha kesho. Kesho yake kinyozi wa ng'ambo ya barabara akasikia, naye akaniamkia. Akafuata muuza magazeti. Kabla sijakaa sawa, mtaa mzima ulikuwa unaniita mzee, na rangi sikununua tena.

Hapo ndipo ajabu ilipoanza. Nilianza kuongea polepole. Mikono ikahamia mgongoni yenyewe. Siku moja nikajisikia nikimwambia kinyozi kwamba enzi zetu mambo hayakuwa hivi. Enzi zipi, mimi mwenye miaka thelathini na minne? Nikijaribu utani wangu wa kawaida, watu walikuwa wanatazama chini, kama vile nimetoka nje na zipu wazi, kwa hiyo nikauacha. Nao walibadilika. Wateja hawakubishana bei na mimi, na waliokuwa wakitukanana barabarani walinyamaza wakifika mlangoni kwangu. Sikumwambia mtu uongo hata siku moja, ila kila nilichofungua mdomo kusema kilitoka kimevaa koti.

Seremala wa mwisho wa mtaa, ambaye yeye ni mzee kwelikweli, ana wajukuu, alikuja nimchongee ufunguo wa chumbani kwake mwenyewe. Mkewe alikuwa amemfungia nje kwa hasira. Nilimjibu kwa sauti ile kwamba ufunguo huo sichongi, arudi akabishe mlango aombe kufunguliwa. Akaenda, akabisha, akafunguliwa, wakapatana, na tangu hapo akawa ananiita mzee mwenzangu. Usiku ule sikuacha kujiuliza: ushauri ule ulikuwa wangu, au wa nywele? Ningemwambia maneno yale yale nikiwa na kichwa cheusi, si angeniambia nikacheze huko? Mpaka leo sijapata jibu, labda wewe utalipata.

Basi nikahitaji picha za leseni ya duka. Mpiga picha akanikalisha kwenye kile kistuli chake, akachungulia, akaniambia nishushe kidevu, akachungulia tena. Mwishowe akaniomba radhi, akasema mzee, hebu sahau kidogo kama wewe ni mzee. Nikacheka. Nilicheka kicheko changu, dada, kile cha pengo nje. Akainua uso kutoka kwenye kamera, akaniuliza hivi nina miaka mingapi.

Hapo nikuambie wazi kwamba mwanamke huyo nampenda. Nampenda anavyoimba akiwa peke yake akidhani ukuta ni mnene, na anavyowaambia watu wazima wakae vizuri kama watoto wa chekechea, nao wanakaa. Mwaka mzima nilikuwa natafuta pa kuanzia, na sasa yeye mwenyewe kanifungulia. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba umri ni majaliwa, mwanangu.

Mwanangu, tena! Akasema haya, mzee, akapiga picha. Nilipoichukua nikamkuta mle mtu wa miaka sitini aliyekosa usingizi. Wiki hiyo hiyo ndiyo nilikuita wewe hivyo kwenye simu. Wanawake wawili ninaowapenda kuliko wote, nimewageuza watoto wangu ndani ya siku chache, na wote wawili wakanifungia mlango. Nilikaa na zile picha mkononi nikaona haya, halafu nikaogopa.

Jumatatu yake nilifunga duka mapema, nikapiga hodi studio kwa sauti unayoijua wewe. Nikamweleza yote bila kupumua: chupa, mashati, marahaba, na miaka yangu. Kumbe yeye ana thelathini na saba.  Akashika kiuno akauliza, yaani mwaka mzima nimemwamkia mtoto? Akaniambia nimrudishie shikamoo zake, zote, bila kubakiza hata moja.

Nikaanza kesho yake, palepale barabarani. Kinyozi aliposikia namwamkia jirani yangu, nusura amkate mteja sikio. Mpiga picha akaitikia marahaba kidevu juu, na raha ile ikamtosha mpaka mchana. Seremala alininunia siku mbili, halafu akaja kuniarifu kwamba ushauri wangu anabaki nao, ila lile neno mzee mwenzangu analichukua. Asubuhi zote nilimwamkia jirani yangu, na kila siku sauti yangu ilizidi kurudi. Nikarudia hata utani. Siku moja nimefungua mdomo tu, akanizuia. Akasema zimetosha. Kisha akaniuliza, mambo?

Mwaka mzima sijaulizwa mambo, dada. Nikajibu poa, kwa kisauti chembamba kama cha kifaranga, mimi na mvi zangu. Sijawahi kusema neno tamu kama lile.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika. Tumekubaliana kuoana. Kikwazo ni mama yake. Bintiye alimwonyesha ile picha ya leseni, na bibi yule akapiga kelele kwamba mwanawe kanaswa na kizee chenye wake na wajukuu kimewaficha huko kilikotoka. Nilikwenda kujitetea mwenyewe. Nilipoketi tu mbele ya watu wazima, mikono ikaenda mgongoni, nikamsikia yule bwana anasema enzi zetu. Nikafukuzwa. Amesema hataniruhusu kurudi mpaka aje mtu aliyeniogesha, naye amwambie mimi ni nani.

Aliyeniogesha ni wewe tu. Baba na mama hawapo, na mimi mwenyewe nimejaribu kujieleza nikashindwa. Njoo, dada, nakuomba kwa magoti yote mawili. Na ukifika usinistahi hata kidogo. Simama pale mlangoni kwao, shika kiuno, uniite kwa ile sauti ya kuniita nikaoge, kwa lile jina nililolichukia tangu pengo lilipotokea. Nitaitika labeka mara moja, na mama mkwe atasikia mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto. Mpiga picha yuko hapa pembeni anasoma ninachoandika, ananicheka. Nimemwambia wewe una arobaini na moja, akahesabu kwanza kwa vidole, maana siku hizi haamini mtu. Anakupa shikamoo. Hiyo ni yako halali, iitikie bila wasiwasi.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba,

Kibogoyo